Pini ya Kichwa Chekundu

Benchi letu limeegemea ukuta wa fundi cherehani, na kama hujawahi kulikalia, ndugu yangu, kuna mambo mengi ya dunia hii hujayasikia, na mengine hata hayajatokea bado. Upande wa kulia anakaa Kisu, muuza nyama, mtu mwenye shingo ya fahali na moyo wa kifaranga. Katikati anakaa Betri, anayetengeneza spika na simu, vidole vyake vimeungua sana kwenye kazi mpaka havisikii tena moto wa kikombe. Mbele yetu yuko Mama Kahawa na jiko lake. Haongei sana, ila akiongea watu wanalipa na kuondoka. Upande wa kushoto nakaa mimi. Wananiita Redio. Shule sikuiona, sikatai, lakini muulize yeyote mtaani: jambo ambalo Redio halijui, basi halina faida kulijua. Fundi mwenyewe hakai. Fundi anasimama mlangoni kwake, nguo mkononi na pini mdomoni, na hapo ndipo balaa la siku ile lilipoanzia.

Nilikuwa nawapa habari za pweza. Nikawaambia pweza ana mioyo mitatu, na damu yake ni ya bluu. Betri akasema hayo nimeyatunga usingizini. Nikamwambia akaulize popote, vitabu vimeandika, wataalamu wamempasua huyo mnyama wakahesabu. Moyo, moyo, moyo. Kisu akasema yeye kapasua kila kitu chenye miguu, hajaona mioyo mitatu. Nikamwambia wewe unapasua mbuzi, bwana, mbuzi hana makuu.

— Sasa fikirieni, nikasema, pweza akiachwa na mkewe. Anaumia huku, anaumia huku, anaumia na huku.

Nikawaonyesha kwa mkono sehemu tatu, na ya tatu haikuwa kifuani.

Fundi akacheka. Fundi yule si mtu wa kucheka. Kwa mwaka anacheka kama mvua ya jangwani, na siku hiyo aliangua kicheko cha kutoka kiunoni, pini zikiwa midomoni. Akakohoa, akajipigapiga kifua, macho yakamtoka machozi. Akazitema pini kiganjani, akazichomeka kwenye sponji lake, akamalizia kazi aliyokuwa nayo, akamkabidhi mwenyewe aliyekuwa kasimama hapo anamhimiza. Sisi tukaendelea. Nilijisifu kidogo, nisiwadanganye. Kumchekesha Fundi si kazi ya kila mtu.

Baadaye akaja mgeni. Mtu mpole, suruali yake imepasuka nyuma kutoka mkanda mpaka kusikotajwa, ilimchanikia akishuka kwenye gari la mizigo. Hakuwa na nyingine. Fundi akampa kipande cha bitana ajifunge kiunoni, akamwambia akae na sisi asubiri. Akakaa mwisho wa benchi, magoti kayabana kama bibi harusi. Mama Kahawa akampa kikombe. Akashukuru, akanywa.

Haukupita muda Fundi akatokea mlangoni.

— Jamani, mmeiona pini yangu nyekundu?

Hapo lazima nieleze. Fundi ana pini nyingi, zote zina vichwa vyeupe. Moja tu ina kichwa chekundu. Hiyo anaiweka katikati ya kila nguo anayoshona, iwe koti iwe shuka, ndiyo inayomwambia katikati ni hapa. Bila hiyo hashoni. Ukimwibia mashine atalia, ukimwibia hiyo pini atafunga duka.

Tukainama, tukatafuta. Betri akakimbia kibandani kwake akaja na sumaku ya spika iliyokufa, ile ya duara nzito kama andazi lililolala. Akaipitisha sakafuni, chini ya mashine, kwenye vipande vya vitambaa. Ikatoka na pini nyeupe, wembe, kizibo cha soda, na kipini cha nywele ambacho Fundi alisema si cha mkewe, na sisi tukaamua kutouliza. Nyekundu haikuwepo.

Fundi akasimama katikati ya duka. Nikamwona anaupeleka mkono shingoni, taratibu.

— Nilipocheka, akasema, kuna kitu kilinikwaruza hapa.

— Kikaenda wapi? Betri akauliza.

— Kikaenda chini.

Jamani, benchi lile limesikia vita, njaa, bei za nyama na talaka, halijawahi kunyamaza namna ile. Halafu tukaanza kusema wote pamoja.

Kisu ndiye aliyeshika usukani, maana tumbo ni kazi yake. Akasema ng'ombe wanameza misumari kila siku, wanakula majani hawachagui. Kuna wafugaji wanammezesha ng'ombe sumaku, inakaa tumboni maisha yake yote, kila chuma kinachoingia kinanasa hapo, hakiendi kumchoma moyo. Nikasema huo uongo hata mimi sijawahi kuuthubutu. Akaapa. Akasema ni kweli tupu, ni jambo linalojulikana, na kwa mara ya kwanza nikaona wivu, maana ilikuwa habari nzuri na haikuwa yangu.

Wote tukaitazama sumaku iliyokuwa mkononi mwa Betri.

— Hiyo haipiti, akasema Fundi.

— Tunaweza kuivunja, akasema Betri.

Mama Kahawa akamwambia Betri airudishe sumaku kibandani kabla hajaipokea yeye kichwani. Akairudisha.

Mimi nikaona nisiachwe nyuma. Nikamwambia Fundi atulie, kuna mtu huko Ulaya alikula ndege. Sio kuku, ndege ya kusafiria. Aliikata vipande vidogo vidogo, akala mpaka ikaisha, na hakufa kwa hilo. Na hiyo si ya kutunga, iliandikwa, watu waliishuhudia. Nikaongeza kwamba mabawa aliyala kwa chai, hapo nilitia chumvi kidogo, lakini ndege aliila.

— Na huyo alikuwa mzima? Fundi akauliza.

— Mzima kama mimi.

— Kama wewe, akasema Mama Kahawa, basi hatujapona.

Betri naye akatoka na yake. Akasema tumbo lina tindikali ya ajabu, wembe ukikaa humo siku nzima unalainika unavunjika kama biskuti. Na ngozi ya ndani ya tumbo haikai, inabadilika kila baada ya siku chache, maana ingebaki ileile tindikali ingeitafuna.

— Kwa hiyo Fundi akingoja wiki moja anapata tumbo jipya, akasema Betri.

— Na pini? nikamuuliza.

— Itabaki kwenye lile la zamani.

Kisu akaafiki, akasema haba na haba hujaza kibaba, tindikali itaila pini kidogo kidogo. Nikamwambia hiyo methali ni ya kujaza, sio ya kumaliza. Akasema methali ni yake, aitumie anavyotaka.

Sasa Fundi akafanya jambo ambalo hatujawahi kuliona. Alikaa. Alikaa benchini, kati ya Kisu na Betri, mikono juu ya tumbo kama amebeba mayai. Mama Kahawa akamsogezea kikombe, hakukigusa. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, na haikuwa saa ya jua. Kila akimeza mate alifumba macho na kusikiliza, kama mtu anayesikiliza hatua za mwizi juu ya bati.

Ilitupasa tuache hapo. Lakini benchi ni benchi. Kisu akasema hatari si tumbo, hatari ni pini ikitoboa ikaingia kwenye damu, ikaanza kuzunguka. Leo mguuni, kesho begani. Chema chajiuza, akasema, kibaya chajitembeza. Betri akasema ikifika kichwani mtu anaweza kushika stesheni za mbali. Kisu akasema wakati wa radi asisimame nje. Mimi, Mungu anisamehe, nikasema namjua mtu alimeza sindano akiwa kijana, ikamtokea gotini akiwa na wajukuu, na bado ilikuwa na uzi.

— Uzi wa rangi gani? akauliza Betri.

— Mweusi.

Fundi akalishika goti lake.

Mama Kahawa akaweka birika chini.

— Mpelekeni hospitali, nyie.

Hapo ndipo jambo lenyewe lilipokuwa, na sote tulilijua, ndiyo maana tulikuwa tunalizunguka kwa maneno. Fundi haendi hospitali. Kaka yake mkubwa, aliyemfundisha kushona, mwenye mashine ile ile anayoitumia Fundi mpaka leo, aliingia pale kwa miguu yake akiwa na tumbo linamsumbua, wakampasua, akatoka amefunikwa shuka. Shuka lenyewe alilishona kaka mwenyewe. Hospitali ilikuwa ikinunua mashuka kwao. Tangu siku hiyo Fundi akitaka kwenda sokoni anazungukia nyuma ya gereji, mwendo mrefu, ili asipite mbele ya geti la hospitali.

— Watanipasua, akasema.

— Watakupiga picha kwanza, akasema Mama Kahawa. Wanachungulia tu.

Nikaingilia, nikidhani namsaidia. Nikamwambia zamani za mababu, daktari wa kwanza kuchungulia tumbo la mtu kwa bomba refu, alikosa mgonjwa wa kukubali. Akaenda kumtafuta yule mtu wa maonyesho anayemeza panga watu wakishangilia, akamwambia leo umeze bomba langu. Akameza. Ndivyo ilivyoanza. Na hiyo nayo ni kweli, nenda kaulize.

— Kwa hiyo wataniingiza upanga, akasema Fundi.

— Bomba.

— Redio, hebu nyamaza.

Hajawahi kuniambia hivyo.  Kisu akatazama viatu vyake. Betri akachokonoa kucha. Kahawa ilikuwa inachemka, hakuna aliyeomba.

Ndipo yule mgeni mwenye bitana kiunoni akakohoa.

— Samahanini, wakubwa. Mimi mgeni, sijui mambo ya hapa. Wakati fundi anacheka, alikuwa anashona nini?

Tukamtazama. Nikafungua mdomo nimjibu, maana mimi hujibu, nikaona mdomo uko wazi na hakuna kitu ndani.

Fundi ndiye aliyejibu, na sauti haikuwa yake.

— Kigauni cha mtoto.

Kigauni cheupe. Kijana mmoja kapata mtoto wa kwanza, alikuwa kasimama mlangoni anakunjakunja vidole kwa haraka, mtoto anaogeshwa nyumbani, bibi yake anataka kumwona amevaa. Fundi alikuwa kwenye pindo, pini nyekundu imeshika katikati ya kigauni. Au ilikuwa mdomoni. Akacheka, akakohoa, akamalizia, akakikunja, akakitia kwenye mfuko wa karatasi. Tangu saa hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kwamba kitu kisichokuwepo dukani kinaweza kuwa mahali pengine mbali na tumbo la Fundi.

Hakuogopa tena tumbo lake. Niliona hofu ikimtoka ikamrudia nyingine kubwa zaidi. Alisimama kwa nguvu benchi likainuka upande, Betri akamwagikiwa.

— Anakaa wapi yule kijana?

Benchini hakuna aliyejua. Mimi ninayejua damu ya pweza, sikumjua jirani yangu. Mama Kahawa akaufunika moto kwa kifuniko cha sufuria, akasema mke wa kijana yule ni mpangaji wa dada yake yeye Mama Kahawa, nyuma ya mashine ya kusaga, mlango wa kijani. Nendeni.

Fundi alikimbia. Mtu ambaye dakika chache nyuma alikuwa hamezi mate asije akajichoma, alikimbia na futi yake ya kupimia nguo inapepea shingoni. Mimi nyuma yake. Nina mwili, sifichi, lakini siku ile ningempita hata swala. Kisu alibaki na bucha lake wazi, Betri akabaki kumlinda mgeni asiyekuwa na suruali.

Kabla hatujafika tukamsikia mtoto analia. Kile kilio cha kupasua, cha kupanda bila kuteremka. Fundi akasimama ghafla kama kagonga ukuta. Uso wake ulikuwa wa rangi ya chaki yake. Nikamshika kiwiko nikamsukuma. Nikagonga mimi.

Akafungua binti mdogo tu, mama wa mtoto, mtoto kamlaza begani. Mtoto kavikwa taulo.

— Kigauni kiko wapi? akasema Fundi, hata salamu hakutoa.

Binti akarudi nyuma. Kutoka ndani sauti ya mwanamke mzima ikauliza ni nani hao. Yule kijana, mume wa binti, akatokea, akatuangalia sisi wawili tunahema kama mbwa, akadhani tumekuja kudai.

— Mwanangu, nikamwambia yule binti, na nilijilazimisha niseme polepole, mtoto kavaa kigauni?

— Bado, baba. Nimekifua kwanza.

Na huku mtoto anaendelea kulia, na yule mwanamke wa ndani, mama mkwe wake, anatoka akilalamika kwamba amemwambia amvalishe, mtoto atapata baridi, tangu lini nguo mpya ikafuliwa, nguo mpya ni safi. Binti akasema, kwa sauti ndogo lakini haikutetemeka, kwamba yeye nguo iliyopita mikononi mwa watu hamvalishi mwanawe kabla hajaifua. Inaonekana wamegombana kwa hilo tangu kigauni kilipoingia nyumbani. Akatuonyesha uani.

Kigauni kilikuwa kwenye kamba, kinachuruzika. Fundi akakishika kwa vidole viwili, akakipitisha kile cha shahada kwenye pindo kutoka kushoto, taratibu, kama mtu anayesoma. Katikati kabisa akasimama. Kichwa chekundu kilikuwa kimejificha kwenye mkunjo, na ncha imetokeza upande wa ndani, upande wa ngozi ya mtoto.

Akaichomoa. Akakaa chini pale pale kwenye maji ya kufulia.

Yule mama mkwe akaiona pini, akamwona mkwewe, akamtazama mjukuu ndani ya taulo.  Aliingia ndani akarudi na khanga yake mwenyewe, akamfunika mtoto juu ya lile taulo, akamwambia binti akae, amechoka kusimama. Fundi aliomba radhi mpaka nikaona aibu kwa niaba yake. Akasema atashona kingine, na kingine, mpaka mtoto aende shule. Kijana akamwinua.

Tukarudi tukitembea. Mimi nikarudi kama jemadari, nisiwafiche. Nikawahadithia benchini jinsi nilivyougonga mlango ukakaribia kung'oka, jinsi pini ilivyokuwa imebakiza unywele mmoja kumfikia mtoto. Kisu akanishika mkono kwa mikono miwili, machozi yanamlengalenga. Akafungua mdomo kusema kikulacho ki nguoni mwako, Mama Kahawa akamtazama, akaufunga. Betri akasema yeye tangu mwanzo alijua haiko tumboni. Mama Kahawa akafunua jiko, akammiminia kila mtu bila kuuliza nani analipa.

Fundi akaingia kwanza akaipiga mshono suruali ya mgeni, sasa pini yake anayo, ndipo akatoka akakichukua kikombe chake. Akanywa. Akameza, akafumba macho.

Yule mgeni alikuwa anamtazama.

— Bado inakwaruza? akamuuliza.

Fundi akaupeleka mkono shingoni.

— Samahani tena, mkubwa. Zile pini mdomoni, zilikuwa ngapi?

Nikamtazama Fundi. Kisu akamtazama Fundi. Betri akaweka kikombe chini.

— Sihesabu, akasema Fundi. Nachota tu.

Hakuna aliyetoa methali. Hakuna aliyetaja ng'ombe. Fundi alikaa kidogo, akaitazama pini nyekundu kiganjani mwake, halafu akaingia ndani, akaichomeka kwenye sponji, akalivaa koti lake la safari. Akamwambia mgeni amsamehe, suruali yake imeshashonwa nyuma, imebaki kupigwa pasi, Betri atampigia. Betri akasema ndiyo. Kwangu akasema neno moja tu.

— Twende.

Safari hii hakupita nyuma ya gereji. Tulipita njia kuu, polepole, yeye mkono tumboni, mimi kando yake.  Nilikuwa na mengi ya kumwambia, lakini kila nililolishika lilikuwa na kisu ndani, au damu, au mtu aliyekufa zamani.

Tukafika getini. Watu wanaingia, watu wanatoka, mlinzi anakula chungwa. Fundi akasimama. Akaliangalia lile jengo kuanzia chini mpaka juu, akaangalia madirisha, na nikajua anatafuta lile la kaka yake.  Nilimwona kabisa anataka kugeuka, na kama angegeuka, nisingekuwa na nguvu ya kumzuia.

— Redio, akasema. Wewe umewahi kumeza kitu cha chuma?

Hakunitazama. Alikuwa anatazama mlango.

— Nimewahi, nikamwambia.

— Nini?

— Msumari.

— Wakautoa hapa?

— Hapa hapa. Mlango ule. Sikukaa hata nusu saa, nikatoka nikaenda kula.

Akameza mate, akafumba macho.

— Wa inchi ngapi?

— Nne, nikasema.

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayekipima kitambaa kwa macho. Akanipa futi yake nimshikie. Akaingia.